Mwanga Ulao Rangi

Rangi ya picha ikiisha kuliwa na mwanga hairudi tena, hata picha ikafungiwa gizani. Mnamo 1888 wataalamu wawili Waingereza, Russell na Abney, walitoa taarifa ya kupima jambo hilo. Walipaka karatasi rangi za maji, wakazitia katika mirija ya kioo, nusu wakaianika juani na nusu wakaifunika. Wekundu utokanao na wadudu ulipauka upesi. Wekundu wa udongo ukadumu. Ajabu ni kwamba mirija ilipotolewa hewa, rangi nyingi zilisalimika. Siku hizi watunza makumbusho huweka kando ya picha kadi yenye vipande vinane vya sufu ya buluu, kila kimoja kikichelewa kupauka kuliko kilichokitangulia. Kile cha kwanza kikififia, taa hupunguzwa.