Shilajit: Dawa ya Mwambani, Faida na Hatari Zake

Huenda umewahi kuona tangazo la kichupa chenye kitu cheusi, kizito, kinachonata kama lami. Kinasifiwa kwamba huondoa uchovu, hurudisha ujana na kutibu ugumba wa wanaume. Kitu hicho huitwa shilajit. Je, kinafaa? Je, ni salama?

Shilajit ni nini?

Ni utomvu unaochuruzika kutoka katika nyufa za miamba wakati wa joto, hasa katika milima ya Himalaya, na pia Altai na Kaukazi. Wataalamu wengi huona kwamba asili yake ni mimea iliyooza na kugandamizwa miambani kwa karne nyingi. Ndiyo maana sehemu yake kubwa inafanana na mboji: ina asidi ya fulviki pamoja na madini mbalimbali, likiwemo chuma.

Katika Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, dawa hii ni ya kale sana. Imetajwa katika kitabu cha Charaka Samhita. Waganga wa jadi hawakuitoa mwambani na kumpa mgonjwa vivyo hivyo. Waliiyeyusha kwanza katika maji au maji ya mitishamba, wakaichuja, kisha wakaikausha.

Faida zake

Utafiti kuhusu watu upo, lakini ni mdogo. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016, wanaume wenye afya, wa umri wa miaka 45 hadi 55, walipewa miligramu 250 za shilajit iliyosafishwa mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 90. Kiwango cha homoni ya testosteroni mwilini mwao kilipanda. Matokeo haya yanatia moyo, lakini utafiti wa watu wachache kwa miezi mitatu hautoshi kuthibitisha sifa zote zinazotajwa katika matangazo. Tena, watu hao walipewa dawa iliyosafishwa na kupimwa kwa uangalifu. Kichupa kinachouzwa mitandaoni huenda si kitu kilekile.

Hatari zake

Hatari ya kwanza ni metali zenye sumu. Mwamba unaotoa chuma unaweza pia kutoa risasi, zebaki na aseniki. Kuchuja huondoa mchanga na uchafu, lakini metali zilizokwisha kuyeyuka hupita pamoja na maji. Kuchemsha nako hakuziondoi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda za aina mbalimbali zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston. Dawa 14 kati yake, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia na kufikiri. Sumu ya risasi huleta uchovu, upungufu wa damu, maumivu ya tumbo na kufunga choo. Kwa wanaume, hudhoofisha mbegu za uzazi. Basi mtu aliyenunua dawa ili aondoe uchovu na apate mtoto anaweza kujiongezea shida ileile aliyotaka kuitibu. Na akizidi kuchoka, huongeza kipimo, akidhani dawa haijatosha. Risasi hujificha katika mifupa kwa miaka mingi. Kwa mama mjamzito huweza kuingia katika damu na kumfikia mtoto tumboni.

Hatari ya pili ni chuma kupita kiasi. Wenye magonjwa yanayolimbikiza chuma mwilini, na wagonjwa wa selimundu walioongezewa damu mara nyingi, wasiitumie.

Hatari ya tatu ni kuchelewa kutibiwa. Uchovu usiokwisha unaweza kuwa dalili ya kisukari, kifua kikuu au upungufu wa damu. Ugumba nao una sababu nyingi, na nyingine hutibika hospitalini.

Tufanye nini?

Kwanza, pima afya kabla ya kununua dawa yoyote ya nguvu. Pili, usiamini majaribio ya nyumbani, kama vile kuiyeyusha katika maji au kuichoma kwa moto, kwani hayaonyeshi risasi. Kinachoonyesha ni kipimo cha maabara. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha cheti cha kipimo hicho kwa dawa anayokuuzia, mwache. Tatu, wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiitumie. Nne, kama unatumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, mwambie daktari kwanza. Tano, kama umekwisha kuitumia na unajisikia vibaya, acha, nenda hospitali, na uchukue kichupa hicho uende nacho.

Neno “asili” latuambia dawa imetoka wapi. Usalama wake hujulikana kwa kupimwa.