MAUMIVU YALE YALE

Yapo maumivu ambayo mwenye nayo huyajua kama ajuavyo njia ya kwenda ziwani. Huanza polepole katika goti au kiunoni, na kabla ugali wa usiku haujapoa yamekwisha kushika mifupa ya miguu, mgongo na kifua, kana kwamba mtu anaivunja kutoka ndani. Wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita siko seli, huzaliwa nao na kukua nao. Wafikapo mlango wa hospitali usiku wa manane hawana haja ya kuambiwa wanaumwa nini. Wana haja ya dawa.

Ndugu msomaji, asili ya maumivu hayo yafaa ielezwe, maana bado wako miongoni mwetu wanaoyasingizia uchawi. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni mviringo na laini, nazo hupita bila taabu katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Kwa mwenye selimundu chembe hizo hupinda kama mundu, zikawa ngumu, zikanasa na kuziba njia. Sehemu iliyokosa damu hulia kwa maumivu. Mtoto huupata ugonjwa huu endapo amerithi asili yake kwa baba na kwa mama pia; na ikiwa wote wawili wameibeba bila wenyewe kuugua, basi kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Hapana mganga wa kienyeji aliyeutuma, wala hapana jirani wa kulaumiwa.

Kwa nini asili hiyo imeenea hasa katika nchi zenye mbu? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Damu iliyowaokoa babu zetu ndiyo inayowatesa baadhi ya wajukuu. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, idadi inayoiweka nchi yetu miongoni mwa zile zenye wagonjwa wengi kabisa duniani.

Sasa tuitazame pwani ya Ziwa Nyasa, toka Lituhi kupita Liuli na Mbamba Bay hadi Chiwindi. Kando ya maji ni joto, na uso wa ziwa hauzidi meta 500 juu ya usawa wa bahari. Lakini mgonjwa wa Mbamba Bay aliyezidiwa, akipewa rufaa ya kwenda Mbinga, Peramiho au Songea, hupandishwa milima ya Umatengo, penye baridi kali mwezi wa Juni na Julai. Nayo baridi, pamoja na kiu, uchovu na homa, ni mambo yanayojulikana kuamsha maumivu haya. Barabara ya lami ya kilometa 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imefupisha safari, na hilo ni jambo la kushukuru, baridi haikuifupisha. Blanketi na chupa ya maji ni mizigo ya kwanza kutiwa garini.

Mpwa wangu ni mmoja wa wagonjwa hao. Julai moja nilimsindikiza hadi hospitali ambayo sitaitaja. Aliinama, akamsalimu mwuguzi kwa adabu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unaumwa nini?”

“Ni yale yale, mama. Selimundu.”

Mwuguzi alimtazama. Hapakuwa na jeraha, hapakuwa na damu, wala kijana hakupiga kelele. “Mbona umetulia hivyo? Mwenye kuumwa hulia.” Kisha tukaonyeshwa benchi, nyuma ya watu tisa. Nilipotaka kuteta, mpwa wangu alinishika mkono: “Mjomba, acha. Nililia mpaka nikachoka nilipokuwa mdogo. Kulia hakupunguzi.” Alipotaja jina la sindano iliyomsaidia mara ya mwisho, mambo yakaharibika zaidi, kwani sasa alishukiwa kuwa ameizoea.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri langu. Neno “yale yale” lina makali pande mbili. Likitoka kinywani mwa mgonjwa lingepasa kumfupishia ngoja ngoja, kwa sababu ajuaye ugonjwa wake amekwisha kumfanyia tabibu nusu ya kazi. Chama cha mabingwa wa damu cha Marekani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kilitaka mgonjwa wa namna hii apate dawa ya maumivu katika saa moja tangu afike, kisha aulizwe tena kila baada ya nusu saa hadi saa moja. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 ulitaka nusu saa tu. Hapana kipimo cha damu kinachoonyesha ukubwa wa maumivu. Kipimo ni kauli ya mwenyewe.

Lakini neno hilo hilo likitoka kinywani mwa tabibu ni la hatari. Maumivu ya kifua pamoja na kuhema kwa shida si yale yale. Homa si yale yale. Weupe wa ghafla viganjani, bandama iliyovimba, mkono uliolegea au ulimi uliokuwa mzito, yote hayo ni mambo mapya yaliyojificha nyuma ya uso wa zamani, nayo huua.

Kuwapanga wagonjwa kwa kadiri ya uzito wa hali zao badala ya zamu ya kufika ni elimu ambayo haina umri mkubwa kwetu. Idara kamili ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010. Dawa ya kupunguza marudio ya maumivu, haidroksiyurea, nayo ipo. Utafiti uliofanywa Uganda, Kenya, Kongo na Angola, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo.

Mpwa wangu siku hizi hutembea na daftari dogo lililofungwa katika mfuko wa nailoni, lisilowe mtumbwini. Ndani yake tabibu wa kliniki ameandika wingi wa damu yake siku za uzima, kundi la damu, dawa iliyomfaa na kiasi chake, akatia sahihi na mhuri. Mara ya mwisho alipougua, aliliweka mezani kabla hajasema neno.