RTX 3060 na RTX 4060: Ipi inamrudishia mwenye studio fedha zake?

Mwenye studio ya video za harusi mjini Unguja akiingia sokoni kutafuta kadi ya picha ya bei ya kati, majina mawili ya kampuni ya Nvidia hujitokeza mara kwa mara: GeForce RTX 3060 na GeForce RTX 4060. Ya kwanza ilitoka Februari 2021 kwa bei iliyotangazwa ya dola 329 za Marekani, na ya pili Juni 2023 kwa dola 299. Hiyo ni bei ya huko. Ya hapa Visiwani huongezwa usafiri, kodi na faida ya kila mkono uliopita. Zote mbili zimeshapitwa na RTX 5060 ya Mei 2025, jambo ambalo kwa mnunuzi si hasara, kwani humpa nguvu ya kupatana bei.

Kwa haraka mtu angesema mpya ni nafuu na ina kasi zaidi, basi biashara imekwisha. Mahesabu hayaendi hivyo.

RTX 3060 ina memori ya gigabaiti 12, njia ya memori yenye upana wa biti 192, na hupitisha gigabaiti 360 kwa sekunde. RTX 4060 ina gigabaiti 8, njia ya biti 128, na hupitisha gigabaiti 272. Hata vitengo vya kukokotoa vimepunguzwa, kutoka 3,584 hadi 3,072. Ukigawa bei iliyotangazwa kwa gigabaiti za memori, ya zamani inasimama kwenye dola 27 hivi kwa kila moja, mpya kwenye dola 37. Kinachoiokoa 4060 ni chipu yake, iliyotengenezwa na TSMC ya Taiwan kwa teknolojia mpya kuliko ile ya Samsung iliyotumika kwa 3060. Chipu hiyo hukimbia kwa mwendo mkubwa zaidi, na ina akiba ya ndani ya megabaiti 24 dhidi ya 3 za mwenzake. Nvidia yenyewe ilidai tofauti ya kasi ya kiasi cha asilimia 20 katika michezo ya video, bila kuhesabu ule ujanja wa kubuni picha za kati ambao 3060 haunao. Wenye vyumba vya michezo wanaweza kuishia hapa na kununua 4060.

Suala la umeme linahitaji maelezo zaidi. Kadi ya 3060 hutumia hadi wati 170, ya 4060 wati 115. Chukulia studio inayofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kadi ikiwa imebanwa muda wote: tofauti ya wati 55 inatoa yuniti 11 na ushei kwa mwezi. Zizidishe kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya TUKUZA. Kwa kuwa hakuna kadi inayobanwa muda wote, tofauti halisi itakuwa ndogo zaidi, na peke yake haitoshi kuwa sababu ya kubadilisha uamuzi.

Faida ya wati hizo iko pengine. Unguja inapata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari, na wenye umri wa kukumbuka hawajasahau giza la mwaka 2008 wala lile la Desemba 2009 hadi Machi 2010, wakati mji mzima ulipoishi kwa jenereta. Waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini kukatika kwa muda mfupi kungaliko, na fundi wa video aliyepoteza kazi ya usiku mzima katikati ya kuhifadhi faili hahitaji kuelezwa. UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390 tu. Ukiondoa prosesa, diski na skrini, wati 55 ndizo zinazoamua kama utapata dakika za kuhifadhi kazi au mashine itazima pale pale. Zaidi ya hapo, kila wati hugeuka joto, na chumba cha Mji Mkongwe chenye dirisha moja kina joto la kutosha tayari.

Kwa kazi ya harusi yenyewe, 4060 huongeza uwezo wa kubana video kwa mfumo wa AV1. 3060 huweza kuifungua tu. Wauzaji hulitaja hilo kwa fahari. Lakini mteja anayetaka harusi ya binti yake kwenye flashi ya kuchomeka katika televisheni ya nyumbani anahitaji H.264, ambayo zote mbili huifanya vizuri. Lisilotajwa dukani ni kwamba kamera nyingi za kisasa, Sony A7 IV ikiwemo, zinaweza kurekodi kwa rangi za 4:2:2 za biti 10, na hakuna kati ya kadi hizi mbili inayofungua aina hiyo kwa chipu yake; kazi inarudi kwa prosesa. Mwenye kurekodi hivyo kwa H.265 atafaidika zaidi na prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 au baada yake, yenye chipu ya picha ya ndani, kuliko na kadi yoyote kati ya hizi.

Mchora ramani za majumba anayetumia Blender yuko katika hali nyingine. Mchoro ukienea ndani ya gigabaiti 8, 4060 humaliza mapema. Ukizidi, data hulazimika kwenda na kurudi kwenye memori ya kompyuta, na mwendo huanguka. Hoteli nzima yenye bustani, samani na maji ya bwawa huzijaza gigabaiti 8 bila taabu. Kwake yeye 3060 ndiyo mali.

Hapo hapo pana mtego. Mwishoni mwa 2022 ilitoka 3060 nyingine yenye gigabaiti 8 na njia ya biti 128, ikipitisha gigabaiti 240 tu, kwa jina lile lile. Soma boksi. Tena, 3060 ilizaliwa wakati wa uchimbaji wa sarafu za Ethereum. Nvidia iliiwekea kizuizi cha kupunguza kasi ya uchimbaji kwa nusu, kisha Machi 2021 programu yake ya majaribio ikakiondoa kwa bahati mbaya. Uchimbaji huo ulikoma Septemba 2022, kadi zikamwagika katika soko la mitumba. 4060 ilikuja baadaye, hivyo haina historia hiyo.

Wanaotumia kompyuta za ofisi za mitumba wazingatie pia kwamba 4060 hutumia njia 8 tu za PCIe, nusu ya zile za 3060. Kwenye bodi ya zamani ya PCIe 3.0 upungufu huo huonekana zaidi memori inapojaa. Pawa saplai inayopendekezwa kwa zote mbili ni ya wati 550, na nyingi za mashine hizo hazifiki hapo.

Kabla ya kulipa, omba kadi iwashwe dukani na ifunguliwe programu ya bure ya GPU-Z. Huonyesha chipu, ukubwa wa memori na upana wa njia, na mara nyingi huitambua kadi kuukuu iliyobandikwa jina jipya.