Stata Iliyojificha Haifunguliwi kwa Kubahatisha

Kwa kawaida stata hushikwa na bolti mbili, waya mmoja mnene na waya mmoja mwembamba. Kuibadilisha ni kazi ya saa moja kama mkono unafika. Tatizo ni magari ambayo mkono haufiki. Land Cruiser 100 ya petroli yenye injini ya V8 ya lita 4.7, ambayo toleo lake lilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2007, stata yake imelazwa katikati ya safu mbili za silinda, chini ya manifodi ya hewa. Ili kuiona tu, fundi anatoa bomba la hewa, anatenganisha mipira na mabomba ya petroli, anachomoa plagi za umeme zilizokauka kwa joto la miaka ishirini, kisha ananyanyua manifodi yenyewe. Noah za zamani na Hiace, ambazo injini iko chini ya viti vya mbele, zina usumbufu wake pia, ingawa haufikii huo. Ninachodai ni kwamba ugumu wa kuifikia stata unageuza hesabu nzima ya matengenezo. Gharama kubwa iko kwenye njia ya kukifikia kifaa kuliko kwenye kifaa chenyewe, kwa hiyo kazi ya namna hii inapaswa kuanza na ushahidi, na ikishaanza isifanywe nusu.

Kibiti na Rufiji ni mahali ambapo hoja hii ina uzito kuliko mjini. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 na kuwapumzisha watu na kivuko cha Ndundu, barabara ya Kilwa hupitisha magari mengi makuukuu yanayotoka na kwenda kusini, na mengine huchepuka kuelekea Nyamisati kupokea samaki, kamba na abiria wa boti za delta na Mafia. Gari linalobeba mzigo wa baharini hudondokewa na maji ya chumvi kila safari. Mvua zikija, kama zile za Aprili 2024 zilizofurika Rufiji na Kibiti, maji ya matope hufika pasipozoeleka. Chumvi na tope havianzi kuishambulia stata. Huanza na vichwa vya betri, kisha waya wa ethi unaofungwa kwenye chasi, kisha ule unaounganisha chasi na injini. Hizo ni sehemu zilizo wazi, na kila moja ikiota kutu humfanya dereva aone dalili ileile ya stata iliyokufa: ufunguo unazungushwa, kunasikika “tik”, injini haisogei.

Sababu yake ni hesabu ndogo ya shuleni. Stata ya injini ya petroli huweza kuvuta ampea 150 au zaidi inapozungusha injini. Muunganisho wenye kutu ukiongeza ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho taa na redio havitakionyesha kabisa, ampea 150 zikipita hapo zinapotea volti 1.5. Betri inayoonyesha volti 10.5 wakati wa kupiga stata itakuwa inaifikishia stata volti 9. Kutu ya namna hiyo ikiwa upande wa ethi na upande wa chanya pia, stata inabaki na 7.5, na hapo hata mpya kabisa kutoka kiwandani itashindwa. Ndiyo maana hoja ya “taa zinawaka vizuri, kwa hiyo umeme upo” haina nguvu. Taa inavuta ampea chache, haijaribu njia inayotumiwa na stata.

Msomaji makini atauliza: tunapimaje kifaa ambacho hatukifikii? Swali ni la haki, lakini jibu lipo juu ya betri. Weka multimita kwenye vichwa vya betri, mtu mwingine apige stata. Betri nzima iliyojaa huwa na volti 12.6 hivi ikipumzika. Ikibaki juu ya 12 huku “tik” ikisikika na injini haizunguki, mkondo mkubwa haupiti, yaani njia imekatika mahali: kwenye waya, kwenye ethi, au ndani ya stata kwenye vipande vya shaba vinavyokutanishwa na plunja. Ikiporomoka chini ya 9.6, ama betri imechoka, ama stata imekwama na kuvuta kupita kiasi, ama injini yenyewe ni nzito kuzunguka. Betri ya kuazima itaondoa shaka ya kwanza. Kisha waya mmoja wa mita uwe kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini wakati wa kupiga stata: zaidi ya volti 0.3 ni ethi mbaya, hata kama kutu yenyewe haionekani kwa macho. Asiye na mita afunge waya wa kubustia kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini. Gari likiwaka, mshitakiwa amepatikana na manifodi haijaguswa. Kwa gari la otomatiki jaribu pia kuwasha gia ikiwa N badala ya P, maana swichi ya gia ikichoka hukata ule umeme mdogo wa kuiamrisha stata. Hapo hata “tik” ya stata haitasikika.

Wapo watakaosema fundi mzoefu hahitaji haya yote, anasikiliza tu. Sikio la fundi nalithamini, ila sauti ya stata yenye shaba zilizolika na sauti ya ethi yenye kutu ni moja, na sikio haliwezi kutenganisha vitu vinavyotoa mlio sawa. Wengine watasema gari lisukumwe, au stata igongwe na nyundo. Otomatiki haisukumwi ikawaka. Kugonga husaidia brashi za kaboni zilizolika ziguse tena kwa muda, na ni ushahidi mzuri kwamba ugonjwa uko ndani, lakini stata iliyo chini ya manifodi haina pa kugongwa.

Vipimo vikishaihukumu stata, hoja inageuka upande wa pili. Ndani ya stata za Denso zinazofungwa kwenye Toyota nyingi, kinachokufa mara nyingi ni vile vipande viwili vya shaba na uso wa plunja, na fundi umeme hubadilisha hivyo kwa bei ndogo. Katika Corolla ambayo stata inafikika, kubadilisha shaba tu na kuacha brashi zilizobaki nusu ni uamuzi wa mtu mwenye akili, kwa sababu zikiisha atarudi kesho kwa saa moja. Katika V8 ni uzembe. Shaba zote mbili, plunja, brashi, bushi au beringi na kukaguliwa kwa bendeksi (gia ndogo ya stata), vyote viende pamoja, na gasketi za manifodi ziwe mpya. Kuhusu stata ya mtumba kutoka Kariakoo au Ilala, wanaoisifu wana haki kwa sehemu: mwili halisi wa Denso uliotumika huweza kudumu kuliko ule mpya wa bei rahisi. Lakini umri wa shaba zake haujulikani, na kuizungusha dukani bila mzigo kunathibitisha kwamba inazunguka, basi. Mtumba ufunguliwe na ufanyiwe yaleyale kabla ya kuzikwa chini ya manifodi.

Wakati huohuo zungusha injini kwa mkono utazame meno ya flaiwili mzunguko wote, kwani injini ya silinda nne huelekea kusimama sehemu mbili zilezile na meno ya hapo ndiyo huliwa. Waya hasi wa betri uondolewe kabla ya spana ya kwanza. Sababu ni kwamba waya mnene wa stata kwa kawaida hauna fyuzi. Nati yake isikazwe kwa hasira, maana msumari wa shaba inakofungwa hukatika. Na kwa magari yanayofikiwa kwa chini, jeki juu ya mchanga wa Nyamisati huzama, kwa hiyo iwekewe ubao mpana na gari liegemezwe kwenye stendi kabla ya mtu kuingia.

Stata iliyotolewa mwenye gari aondoke nayo, hata ikiwa imekufa. Mwili wake ukiwa mzima unajengeka upya kwa shaba na brashi, na kukaa nayo kabatini ni nafuu kuliko kuitafuta nyingine Dar es Salaam gari likiwa limelala Kibiti.