Foto imeandikwa "Maman". Lakini maman ya nani?



Nianze na haya yangu mwenyewe. 2019 nkambo yetu, mama aliyemzaa baba, alikufa hapa Lubumbashi. Sisi wajukuu tulipewa kazi ya kutafuta foto. Mu valizi yake tulipata moja nzuri sana: msichana amesimama kando ya kiti, amefunga kikwembe vizuri, anaangalia mbele bila woga. Nyuma ya foto mtu aliandika na biki neno moja tu: MAMAN. Hatukufikiri mara mbili. Tuliikuza, tukaiweka mu kadri karibu na jeneza, tukaichapisha ku tisheti 40.

Siku ya tatu ya kilio, mama mmoja mzee wa Kamalondo, rafiki ya nkambo tangu ujana, alinivuta tisheti, akaangalia, akasema pole pole: "Bana, huyu haiko nkambo yenu. Huyu njo yaya yake. Alikufaka wakati ya kuzala."

Siku tatu tulikuwa tumemlilia nkambo mbele ya sura ya mtu mwingine. Na kati yetu sote, watu wenye madiploma, hakuna aliyewahi kusikia kwamba nkambo alikuwa na yaya.

Kutafuta ukweli kulinichukua karibu miezi minane. Ninawaeleza namna kazi ilivyoenda, juu najua kila familia iko na valizi yake, na wazee wenye kujua majina hawatatungojea.

1. Uliza wazee, lakini uliza vizuri

Watu wengi tunamwonyesha mzee foto na kuuliza: "Huyu ni nani?" Mzee anataka kukusaidia, basi anatafuta jina lolote lenye kufanana. Mimi nilijifunza kuanza mbali. Hapa ni wapi? Siku hiyo kulikuwa nini? Nani alilipa foto? Kiti hiki kilikuwa kwa nani? Mahali pakirudi mu kichwa, majina yanakuja yenyewe. Kisha peleka foto ileile kwa mzee wa pili, peke yake, bila kumwambia jibu la wa kwanza. Omba ruhusa, rekodi sauti ku telefone, andika tarehe na jina la mwenye kusema.

Jambo la pili ni maneno yetu ya ukoo. Kwetu dada ya mama ni mama, na ndugu ya baba ni baba. Hii si kosa, ndivyo familia zetu zilivyojengwa. Lakini mwenye kuchora mti wa ukoo anapaswa kuongeza maulizo mengine: alitoka tumbo moja na nani? Nani alimuoa? Alizikwa wapi? "Ni mama yetu" ni jibu la kweli, ila halijamaliza kazi.

2. Tafuta mwaka mbele ya kutafuta jina

Ukijua mwaka, nusu ya watu wanatoka mu orodha. Geuza foto kwanza. Yetu ilikuwa na muhuri wa studio wenye neno Élisabethville. Mji huu uliitwa Lubumbashi tangu 1966, basi muhuri ule ni wa mbele. Ni vilevile kwa Jadotville iliyokuwa Likasi na Albertville iliyokuwa Kalemie. Karatasi yenyewe ilikuwa na jina Gevaert, kampuni ya Ubelgiji iliyoungana na Agfa 1964. Hii haitoshi kuapa, juu studio inaweza kutumia karatasi ya zamani miaka kadhaa. Lakini alama mbili zikielekea upande mmoja, unaanza kuamini.

Nguo na vitu vinasema pia. Bendera yenye misalaba mitatu ya shaba inatupeleka ku Katanga ya Tshombe, kati ya 1960 na 1963. Kundi la wanaume wa ofisi wote na abakosti, hakuna hata kravati moja, linanuka miaka ya Mobutu, mbele ya 1990. Kikwembe cha ziara ya Papa Yohane Paulo II hakiwezi kuwa mbele ya 1980, mwaka alipokuja mara ya kwanza. Lakini angalisho: nguo inaonyesha mwaka ambao foto haiwezi kuutangulia. Haionyeshi mwaka wa mwisho. Mama zetu wanatunza kikwembe miaka 20.

Majina nayo yako na miaka yake. 1972 serikali ilikataza majina ya kikristo. Mtu aliyekuwa Jean au Marie ku foto ya 1965 anaweza kuonekana na jina lingine kabisa ku karatasi ya 1975. Usihesabu watu wawili pale penye mtu mmoja.

3. Linganisha foto na foto, si sura na sura

Hapa ndipo wengi tunaanguka. Tunaangalia pua na macho, tunasema "ni yeye kabisa". Ndugu wa tumbo moja wanafanana, hata mtoto anaweza kufanana na shangazi kuliko mama. Programu za telefone zenye kulinganisha sura zinaweza kudanganyika vilevile.

Mimi nilitandika foto zote za valizi ku meza na kutafuta pazia lilelile, kiti kilekile, muhuri uleule. Nilipata foto ya pili ya studio ile: wasichana wawili bega kwa bega. Mmoja alivaa nguo ileile ya foto yetu. Wa pili alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, lile kovu la nkambo tulilolishika sote tukiwa watoto. Basi walikuwa watu wawili, siku moja, studio moja. Mama mzee wa Kamalondo alisema kweli.

4. Fungua vitabu

Baba yangu alinisindikiza ku parokia ambako nkambo alibatiza watoto wake. Kitabu cha ubatizo kinaandika jina la mtoto, tarehe, baba, mama, na wale waliomsimamia. Mara nyingi pembeni kunaongezwa kipaimara na ndoa. Karani alitafuta watoto wa nkambo mmoja mmoja. Alipofika ku baba mkubwa, yule aliyezaliwa 1958, alisoma jina la mama ambalo hatukulijua. Jina la nkambo lilikuwa palepale chini, lakini mu nafasi ya mama wa ubatizo.

Baba hakusema kitu. Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Kwenye hamna kitabu cha kanisa, uliza karti ya kazi. Wengi wetu mu Katanga tuko wajukuu wa wafanyakazi wa Union Minière, ile iliyotaifishwa 1967 na kisha ikawa Gécamines. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka wafanyakazi wakae mu kambi na familia zao, na posho ilihesabu bibi na watoto. Basi namba moja ya matrikule inaweza kufungua familia nzima. Uliza pia karatasi za lupango, vitabu vya shule, na majina ku makaburi.

5. Nani aliandika?

Hii ndiyo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. Neno nyuma ya foto ni sauti ya mtu, na mtu yule anaongea kutoka mahali pake. Angalieni foto za wakati wa ukoloni: bwana mkubwa wa kizungu ameandikwa jina na cheo, na watu wetu kando yake mara nyingi wameandikwa tu "wafanyakazi" au "mwanamke na mtoto". Maandishi yale yanatuonyesha aliyeandika kuliko walio mu foto.

Sisi tulisoma MAMAN na tukafikiri ni mama ya baba yetu. Hatukuuliza: mama ya nani? Siku moja nilifungua kaye ya michango ya kilio, nikaona herufi M yenye mkia mrefu. Ilikuwa M ileile. Kaye ile iliandikwa na baba mkubwa.

Nilienda kwake peke yangu, foto mu mfuko. Sikuanza na kitabu cha parokia. Niliweka foto ku meza na kunyamaza. Aliishika muda mrefu.

"Miye njo niliandikaka," alisema. "Nkambo yako alinipatiaka hii foto wakati nilimaliza sekondari. Aliniambia: huyu njo alikuzalaka, andika jina weye mwenyewe. Nikaandika. Kisha nikamurudishia, atunze."

Nikamuuliza juu ya nini hakusema kitu ku kilio, alipoona tisheti zote zile.

"Yaya yake hakufanyiwaka kilio ya muzuri," alijibu. "Bote babili balikuwa bamama yangu. Siku ile balililiwa bote."

Leo mu mti wa ukoo wetu baba mkubwa yuko na mistari miwili: mmoja unaenda kwa aliyemzaa, wa pili kwa aliyemlea. Yeye mwenyewe alitaka hivyo. Niliweka jina la yaya ya nkambo mu kundi la familia ku WhatsApp kisha yeye kukubali, si mbele. Hii pia ni sehemu ya kazi. Foto inaweza kufungua mlango ambao mtu alifunga kwa sababu zake. Piga hodi.

Basi, ndugu msomaji, posho hii usiiache ioze. Jumapili hii toa valizi, kaa karibu na mzee wako, na uanze na foto moja tu. Jina ukilipata, liandike nyuma na kalamu ya risasi, pole pole, pembeni. Na chini yake andika jina lako pia na tarehe, ili wajukuu wako wajue ni nani alikuwa anaongea.