Mzee pia ni mwalimu: robo saa inatosha

Mutu akiacha kazi na kuingia mu retrete, tunamuuliza maulizo mawili tu: pansioni imetoka? Afya iko namna gani? Ulizo la tatu hatulitoi: Mzee, mu maisha yako yote ulipenda kitu gani sana, na unaweza kutufundisha nini juu yake?

Kuna inchi ambamo wazee walijenga vyama vizima juu ya ulizo hilo. Wanakutana watu kumi ao makumi mawili. Mumoja anasimama na kuzungumuza wakati mufupi juu ya kitu anachokipenda: ndege, miziki ya ujana wake, kushona, reli, nyota. Wengine wanamusikiliza, kisha wanamuuliza. Mukutano unaofuata, mwalimu wa jana anakaa kwenye benchi, na mwanafunzi wa jana anasimama. Hakuna diploma, hakuna mutihani, hakuna mushahara.

Toulouse na Cambridge: njia mbili

Mambo hayo yalianzia Ufaransa. Mu mwaka 1973, Pierre Vellas, profesa wa sheria kwenye chuo kikuu cha Toulouse, aliwafungulia wazee milango ya chuo. Aliita masomo hayo « Université du troisième âge ». Maprofesa walifundisha, wazee walisikiliza. Mawazo hayo yalienea haraka mu inchi zinazosema Kifaransa, kisha mbali zaidi.

Yalipofika Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalibadilika. Mu muji wa Cambridge, watu watatu, Peter Laslett, Michael Young na Eric Midwinter, waliona hivi: kati ya watu walio mu retrete kuna waalimu, wauguzi, mafundi, wakulima, mama waliolea watoto na kuendesha nyumba. Sababu gani kumungojea profesa? Wafundishane wenyewe. Kila mwanafunzi awe mwalimu siku yake ikifika, na kila mwalimu arudi kuwa mwanafunzi. Leo Uingereza iko na vikundi zaidi ya 1.000 vya namna hiyo. Vinakutana mu nyumba za watu, mu maktaba, mu vyumba vya kanisa.

Laslett, ambaye alikuwa mwanahistoria, alieleza mawazo hayo mu kitabu alichotoa mwaka 1989. Aligawanya maisha mara ine: utoto na masomo, kazi na kulea, kisha wakati mutu anapokuwa huru kufanya kile alichokuwa anakitamani, na mwisho, wakati wa uzaifu. Kosa letu, alisema, ni kuchanganya wakati wa tatu na wa ine, na kumuona kila mutu aliyeacha kazi kuwa mugonjwa anayengojea kufa.

Sababu gani robo saa?

Mutu anaweza kusema: « Hayo si mapya. Sisi tuko na barza tangu zamani. » Ni kweli. Lakini tuangalie vizuri barza yetu. Ni nani anayesema? Mara mingi ni watu wawili watatu, wale wale, wenye sauti kubwa. Mama anayejua mambo kupita wote, yeye njo anayeleta munkoyo na kurudi mu jikoni. Na mzee asiyezoea kusema mbele ya watu anatikisa kichwa tu, paka mangaribi.

Hapo saa inaleta haki. Ukimupa kila mutu robo saa, mwenye maneno mingi anapashwa kukata, na mwenye haya anapata nguvu, kwa kuwa robo saa haimuogopeshi. Mu mwaka 2003, kule Tokyo, wachoraji wa majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, walichoka na wenzao waliokuwa wanasema bila mwisho. Waliweka sheria: picha 20, kila picha sekunde 20, yaani dakika 6 na sekunde 40, kisha unakaa. Mupango huo, unaoitwa PechaKucha, uliingia mu miji mingi ya dunia. Wazee hawana lazima ya kukimbia vile, lakini fundisho ni moja: wakati ukiwa mufupi, mutu anachagua kitu kimoja anachokijua kabisa, na anaacha mengine.

Tutoe mufano. Tuseme mama mumoja wa Lubumbashi anachagua kuzungumuza juu ya kikanda. Anakuja na kikapo. Anaonyesha mizizi midogo, anaeleza namna inavyochimbwa mu mabonde yenye maji, inavyokaushwa na kutwangwa, kisha inavyochanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, mpaka inashikana na kukatwa kama nyama. Wote wanacheka, wote wanamezea mate. Lakini hajamaliza. Mizizi ile inatoka kwenye maua yanayoitwa orkide, na mutu akichimba muzizi, mumea wenyewe unakufa. Mu Zambia watu wamechimba sana, na sasa mizizi inatoka mpaka kwenye milima ya kusini ya Tanzania. Robo saa moja, na mazungumuzo yaliyoanza mu chungu yamefika kwenye biashara ya kuvuka mipaka na kwenye pori linaloisha. Mama yule hakusoma biolojia. Alipenda kitu chake, na alikifuata.

Kwetu mbegu ziko

Wazee wa Katanga hawakungojea watu wa inje ili kusema. Mu mwaka 1965, wafanyakazi wa zamani wa nyumba za Wazungu, wale walioitwa « boyi », walitoa maandiko juu ya historia ya muji wao: « Vocabulaire de ville de Elisabethville », yaliyopangwa na André Yav. Waliandika mu Kiswahili cha Lubumbashi, si mu Kifaransa cha mabwana. Ni wapishi na wafuaji wa nguo waliosema namna walivyouona ukoloni kutoka jikoni. Mwanaantropolojia Johannes Fabian aliyatoa mu kitabu mwaka 1990, na leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanayasoma.

Kisha, tangu mwaka 2000, chuo kikuu cha Lubumbashi kilianzisha mupango « Mémoires de Lubumbashi », pamoja na maprofesa kama Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki. Wafanyakazi wa kampuni na reli, na wake zao, walieleza maisha yao, na walileta vitu vyao kwenye maonyesho ya musée.

Kazi hiyo ni ya maana sana. Lakini hapo mutafiti njo anayeuliza, mzee anajibu. Inabaki hatua moja: mzee achague mwenyewe kile anachotaka kusema, na awaambie wazee wenzake, si kijana mwenye mashini ya kurekodi tu. Pengine hapendi kusema juu ya Union Minière hata kidogo. Pengine anapenda njiwa zake.

Kitu gani kitapotea?

Mu mwaka 2003, Gécamines ilitoa watu 10.655 kwa mara moja, mu kile kilichoitwa « départs volontaires ». Tuhesabu hata kidogo ujuzi uliotoka mulangoni pamoja nao: mafundi wa umeme, wauguzi, waalimu, wapiga ngoma wa fanfare, mama waliofundishwa kushona mu foyer social. Wengi wamekwisha kufa. Waliobaki wako mu lupango, wanachunga wajukuu.

Tuseme wazi: mazungumuzo hayalipi pansioni. Mzee mwenye njaa hawezi kusikiliza habari za orkide, na deni la kampuni kwa mufanyakazi wake linabaki deni. Mutu asitumie vikundi hivi ili kuwanyamazisha wazee wanaodai haki yao.

Lakini kuna njaa ingine. Mu miji na vijiji vyetu, mzee anayekaa peke yake, anayesema peke yake usiku, watoto wanaanza kumuogopa. Mutoto wa jirani akigonjwa, jina la nani linatajwa? Bamama bazee wangapi waliitwa balozi, wakafukuzwa ku nyumba, wengine wakauawa, hasa wajane wasio na mutu wa kuwasemea? Mzee ambaye jirani zake walimusikia akieleza habari za njiwa zake, wakacheka naye, wakamuuliza maulizo, hatageuka mugeni kwao kwa siku moja. Hiyo si dawa ya ubaya wote. Ni ukuta mudogo, lakini ni ukuta.

Namna ya kuanza

Haiombi bajeti. Inaomba watu nane, muti wa maembe na saa moja ya mukono. Watu wawili wanazungumuza kila mukutano, robo saa kila mutu, kisha maulizo. Kila mutu alete kitu cha kushika mu mukono: nyundo, picha, kitambaa, mbegu. Luga ni ile mutu anayoiweza: Kiswahili, Kibemba, Kiluba, Kifaransa, hakuna shida. Mwenye kushika saa asiwe na aibu ya kumukata hata shefu wa kartié. Na tuwaite bamama kwanza, kwa kuwa wakiitwa nyuma hawatakuja.

Mujukuu mwenye telefone anaweza kurekodi, kama kambo yake anakubali. Asipokubali, basi.

Tarehe 1 Oktoba, kila mwaka, ni siku ya kimataifa ya wazee. Umoja wa Mataifa uliikata mwaka 1990. Kwa kawaida siku hiyo bakubwa wanakuja, wanasoma hotuba ndefu, na wazee wanakaa kwenye viti vya plastiki na kupiga mikono. Mara hii tugeuze viti. Bakubwa wakae, wazee wasimame, kila mumoja na robo saa yake.