Shahada ya Chuo Kikuu, Kazi ya Maabara ya Serikali

Watu wengi huamini kwamba mwanafunzi wa shahada ya uzamifu hana budi kufanya utafiti wake ndani ya kuta za chuo kikuu alichoandikishwa. Ukweli ni kwamba katika nchi nyingi wamo wanafunzi ambao chuo huwaona nyakati za masomo, za mitihani na za kutetea tasnifu, ilhali sehemu kubwa ya miaka yao ya kazi hupita katika maabara ya serikali, iwe ya vipimo, ya afya, ya kilimo au ya nguvu za atomu. Maabara hizo kwa kawaida hazina mamlaka ya kutoa shahada. Chuo kinayo mamlaka hayo, lakini mara nyingi hakina ala zinazohitajika wala mafundi wa kuzitunza. Basi pande hizo mbili hupatana, na mwanafunzi huwa kiungo baina yao.

Maabara ya serikali huundwa kwa kazi isiyokoma. Vipimo vya taifa vya urefu, uzito na wakati havina likizo, wala magonjwa ya mazao hayangoji muhula ufunguliwe. Kazi ya namna hiyo hulimbikiza, mwaka baada ya mwaka, vifaa na maarifa ambayo idara ya chuo, yenye madarasa makubwa ya kufundisha, ni vigumu kuyapata. Kwa upande wake, maabara hukosa kitu ambacho chuo kinacho tele: vijana wenye maswali mapya, ambao kila baada ya miaka michache huondoka wakaja wengine.

Mfano ulio wazi hupatikana katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, nchini Marekani. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Colorado na idara ya vipimo ya serikali ya nchi hiyo, ambayo tangu 1988 huitwa NIST, ziliunda taasisi ya pamoja iitwayo JILA. Baadhi ya wanasayansi wake hulipwa mshahara na chuo, wengine na serikali; lakini hata hao wa serikali hupewa cheo cha ualimu chuoni ili waweze kusimamia wanafunzi kihalali.

Katika taasisi hiyo, tarehe 5 Juni 1995, Eric Cornell, aliyekuwa mtumishi wa serikali, na Carl Wieman, profesa wa chuo, pamoja na wenzao, walipata jambo lililokuwa likitafutwa kwa miaka 70. Einstein, akiendeleza kazi ya mwanafizikia wa Kihindi Satyendra Nath Bose, alitabiri katika miaka ya 1924 na 1925 kwamba gesi ikipozwa kupita kiasi fulani, atomu zake nyingi zitaingia katika hali moja tu ya nishati, iliyo ya chini kabisa, na kuenenda kama kitu kimoja. Ugumu ulikuwa kuipoza gesi hiyo bila kuigeuza barafu. Atomu za rubidi zilipunguzwa mwendo kwanza kwa mwanga wa leza, kisha zikazuiliwa katika mtego wa sumaku, mbali na ukuta wowote. Hatua ya mwisho inafahamika kwa kila aliyewahi kungoja chai ya moto ipoe: molekuli zenye kasi kubwa hutoka kama mvuke zikichukua joto kupita fungu lao, na zinazobaki hupoa. Hivyo ndivyo atomu zenye nguvu zaidi zilivyoachiwa kutoroka mtegoni kidogo kidogo, hata halijoto ikashuka kufikia takriban sehemu 170 za bilioni za digrii moja juu ya sifuri halisi. Hapo atomu zipatazo 2000 ziliungana.

Makala ya ugunduzi huo, iliyotolewa Julai mwaka huo katika jarida la Science, ina majina matano, na mawili kati ya hayo ni ya wanafunzi wa uzamifu. Cornell na Wieman, pamoja na Wolfgang Ketterle, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Serikali ilikuwa na sababu yake ya kugharimia shughuli kama hizo: atomu zilizotulia hupimika vizuri zaidi, na saa za atomu hutegemea jambo hilo. Chuo kilikuwa na sababu nyingine. Swali lilikuwa moja, likazitosheleza pande zote mbili.

Si kila mara mambo huwa hivyo. Maabara yaweza kuhitaji maelfu ya sampuli za maji zipimwe kwa njia ile ile, bila kubadili chochote. Hiyo ni kazi ya heshima na yenye kuokoa maisha, lakini si tasnifu, kwa kuwa chuo hudai elimu mpya iliyotokana na juhudi za mtu mmoja. Mwanafunzi asiyetambua tofauti hiyo mapema hujikuta, mwaka wa tatu, ana masanduku ya matokeo na hana hoja. Msimamizi wa maabara atamsifu, na msimamizi wa chuo atatikisa kichwa. Na wote wawili watakuwa na haki.

Hatari nyingine ni ya siri. Mwaka 1943 David Bohm, mwanafunzi wa Robert Oppenheimer katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikuwa amekamilisha hesabu kuhusu migongano ya protoni na deutroni. Hesabu hizo zikaonekana kuufaa mradi wa kuunda bomu la atomu, zikatiwa muhuri wa siri. Bohm hakuwa na kibali cha usalama, kwa hiyo hakuruhusiwa tena kuziona. Hakuweza hata kuiandika tasnifu yake, seuze kuitetea. Ilimbidi Oppenheimer akithibitishie chuo kwamba kazi ilifanyika na ilifaulu, ndipo shahada ikatolewa. Na yafaa ikumbukwe kwamba Bohm alikuwa mwanafunzi wa chuo tu. Haja za vita ndizo zilizomfuata huko. Anayeingia mwenyewe katika maabara ya serikali yampasa aulize zaidi.

Afrika Mashariki nayo inao uzoefu wake. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi wa Kenya Thomas Odhiambo, si mali ya serikali moja bali ni cha kimataifa. Hata hivyo mpatano wake na vyuo ni wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1983, pamoja na vyuo vikuu kadhaa vya Afrika, kilianzisha mpango wa ARPPIS: mwanafunzi huandikishwa chuoni, utafiti hufanyika kituoni chini ya wasimamizi wa pande zote mbili, na shahada hutoka chuoni. Faida yake huonekana kwa mdudu mmoja tu, mbung'o. Jike lake halitagi mayai kwa mamia kama nzi wa jikoni. Huzaa buu mmoja mmoja, kwa kawaida kila baada ya siku tisa au kumi, na chakula chake ni damu peke yake. Kundi la kutosheleza majaribio ya miaka mitatu haliwezi kukuzwa katika muhula mmoja, wala haliwezi kuachwa bila mlishaji wakati chuo kimefungwa.

Mambo yote hayo hupaswa kuandikwa kabla ya kipimo cha kwanza: sehemu gani ya kazi ni ya mwanafunzi, maabara yaweza kuizuia makala kwa muda gani, na nani atamsimamia endapo msimamizi wake atahamishwa. Lipo pia suala la daftari la maabara. Mwanafunzi hulijaza kwa mkono wake mwenyewe, lakini aghalabu ni mali ya maabara na hubaki huko siku anapoondoka. Mwenye nakala iliyoruhusiwa kwa maandishi ndiye atakayeweza kumjibu mtahini wa nje atakapoulizwa namba fulani ilitoka wapi.